Louis Vierne, mpiga kinanda wa Notre-Dame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vierne alikuwa nani, kwa maneno machache?

Louis Vierne alizaliwa Poitiers, magharibi mwa Ufaransa, tarehe 8 Oktoba 1870, akafariki Paris tarehe 2 Juni 1937. Kwa miaka 37 alikuwa mpiga kinanda mkuu wa kanisa kuu la Notre-Dame. Alitunga simfoni sita za kinanda, misa moja kubwa ya kwaya inayopigiwa vinanda viwili, vipande vifupi vingi, na pia muziki wa piano, fidla, cello na okestra ambao watu wengi hawaujui kabisa.

Anayejulikana sana ni Vierne wa mambo mawili: kwamba alikuwa haoni, na kwamba alifia kwenye kinanda. La kwanza ni kweli kwa kiasi. La pili ni kweli tupu, lakini nimeliweka mbali huko chini kwa makusudi, kwa sababu kisa cha kifo chake kimesimuliwa mno mpaka muziki umebaki kama kiambatanisho chake.

Jina lake linatamkwaje?

"Vyern", kwa mkupuo mmoja. Ile "e" ya mwisho inaandikwa tu, haitamkwi.

Alikuwa haoni kabisa?

Hapana. Alizaliwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, akawa karibu haoni chochote. Alipofika miaka 6 alifanyiwa upasuaji, akapata kuona kidogo: aliona maumbo ya vitu, aliweza kutembea mwenyewe, na aliweza kusoma herufi kubwa akizisogeza karibu na uso. Kwa miaka mingi alitunga kwa kuandika kwenye karatasi zenye mistari mipana, kwa penseli nene, pua ikikaribia kugusa meza. Baadaye presha ya macho ilimla hata kile kidogo alichokuwa nacho, ndipo akategemea zaidi nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole, na watu wa kumwandikia.

Kwa hiyo ukiona mahali pameandikwa "kipofu tangu kuzaliwa", jua mwandishi amefupisha njia.

Basi alijifunzaje muziki?

Kwanza kwa masikio. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mdogo wa miaka miwili hivi alimsikia mtu akipiga kwenye piano wimbo wa Schubert wa kubembeleza watoto, naye akaenda kuutafuta kwa vidole mpaka akaupata. Mjomba wake, Charles Colin, alikuwa mwanamuziki na mwalimu, akahakikisha kipaji hicho hakipotei.

Halafu akaingia shule ya taifa ya watoto wasioona mjini Paris, Institution Nationale des Jeunes Aveugles. Hapa inafaa nitoke kidogo nje ya swali, maana shule hii ndiyo mzizi wa mambo mengi. Ndiyo shule aliyosoma na kufundisha Louis Braille, yule aliyebuni maandishi ya nukta nundu. Wengi wetu hatujui kwamba Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani mjini Paris, na kwamba mfumo wake uliundiwa pia alama za muziki. Tangu hapo shule ile ikawa kama kitalu cha wapiga vinanda: parokia nyingi za Ufaransa zilipata wapigaji wake kutoka pale. Baada ya Vierne walipita hapo André Marchal, Jean Langlais na Gaston Litaize, wote majina makubwa.

Anayesoma nota za nukta nundu hawezi kusoma na kupiga kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Mkono mmoja unasoma, mwingine unajaribu, kisha unabadilisha, kisha unaongeza miguu, na mwishowe kila kitu lazima kikae kichwani. Wenzetu tunaoona huweka karatasi mbele na kujidanganya kwamba tunaujua wimbo.

Walimu wake walikuwa akina nani?

Wawili wanatosha kutajwa: César Franck na Charles-Marie Widor.

Franck alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde. Vierne alimsikia kwa mara ya kwanza akiwa mtoto wa miaka kama 10 na hakuwahi kuisahau siku ile. Franck alimpokea, akamfundisha, na mwaka 1890 Vierne akaingia darasa lake la kinanda katika Conservatoire de Paris, chuo cha muziki. Mwezi Novemba mwaka huohuo Franck akafariki.

Nafasi ikachukuliwa na Widor wa kanisa la Saint-Sulpice, mtu wa tabia tofauti kabisa. Franck alipenda darasa lake litunge papo kwa papo na kuota. Widor alitaka kwanza vidole na miguu vitii: mwili utulie, nota zishikane bila pengo, Bach apigwe kwa usafi. Wanafunzi walinung'unika, lakini Vierne alielewa haraka. Mwaka 1892 Widor alimfanya msaidizi wake Saint-Sulpice, na mwaka 1894 akapata tuzo ya kwanza ya kinanda. Ukisikiliza muziki wake vizuri utawasikia walimu wote wawili: joto la Franck ndani ya nidhamu ya Widor.

Kinanda cha Notre-Dame kinatofautianaje na kinanda chetu cha parokia?

Kwa Kiswahili neno "kinanda" linabeba mizigo mingi: kile cha umeme kwenye stendi, kile cha zamani cha kukanyaga mvukuto, na hiki tunachokizungumzia, kinanda cha mabomba. Hiki cha mwisho ni karibu jengo ndani ya jengo. Upepo unasukumwa kwenye masanduku, na juu ya masanduku yamesimama mabomba ya madini na ya mbao. Mengine marefu kuliko nyumba ya kawaida, mengine madogo kama kalamu. Bomba moja hutoa sauti moja tu. Ukitaka sauti laini na kali, nyembamba na nene, lazima uwe na safu nyingi za mabomba, na kila safu ina kitasa chake cha kuifungua, kinachoitwa rejista.

Kinanda kikuu cha Notre-Dame kina karibu mabomba 8,000, safu tano za vibonyezo vya mikono, na pedali za miguu zilizopangwa kama vibonyezo vikubwa vya mbao. Kwa hali aliyokikuta Vierne, kilikuwa kazi ya Aristide Cavaillé-Coll, fundi mkubwa kuliko wote wa Ufaransa wa karne ya 19, aliyekikamilisha mwaka 1868 akitumia tena mabomba ya vinanda vilivyokuwapo kabla. Ubunifu wa Cavaillé-Coll ulikuwa kukifanya kinanda kiweze kukua sauti taratibu, kama okestra inavyopanda kutoka mnong'ono hadi ngurumo. Bila fundi huyo, muziki wa Vierne usingekuwapo. Hilo nalisema bila kutia chumvi.

Aliipataje kazi hiyo?

Kwa ushindani. Mzee Eugène Sergent, aliyekuwa hapo tangu 1847, alifariki mwaka 1900. Wagombea wakapimwa mbele ya majaji, na tarehe 21 Mei 1900 Vierne akateuliwa. Alikuwa na miaka 29.

Cheo kilikuwa kikubwa, mshahara mdogo. Aliishi kwa kufundisha.

Kazi ya mpiga kinanda wa kanisa kuu ni ipi hasa? Kuongoza nyimbo?

Sivyo kama tulivyozoea. Katika makanisa makubwa ya Ufaransa huwa kuna vinanda viwili. Kidogo kiko mbele, karibu na altare, na kazi yake ni kuisindikiza kwaya. Kikubwa kiko nyuma kabisa, juu ya mlango mkuu, na aliye huko juu mara nyingi haisindikizi kwaya hata kidogo, anaijibu. Kwaya inaimba aya, kinanda kikuu kinajibu. Padre anatembea kuelekea altare, kinanda kinajaza njia. Wakati wa matoleo, wakati wa komunyo, watu wanapotoka, ni yeye.

Na sehemu kubwa ya hayo haijaandikwa popote. Mpigaji anachukua sauti ya wimbo wa siku, tuseme "Salve Regina", anaigeuza, anaikata, anaipeleka kwenye pedali, anairudisha juu, na kumaliza pale hasa padre anapofika. Anatunga papo kwa papo. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Vierne Jumapili baada ya Jumapili, na walioisikia walisema alikuwa mahiri kuliko karibu wote wa wakati wake.

"Simfoni ya kinanda" ni kitu gani? Simfoni si ya okestra?

Kwa kawaida ndiyo. Ila Widor alianza kuviita "simfoni" vipande vyake virefu vya kinanda, kwa hoja kwamba kinanda cha Cavaillé-Coll chenyewe ni okestra ya mtu mmoja. Vierne akalifuata wazo hilo na, kwa maoni yangu, akalitendea haki kuliko mwalimu wake. Simfoni za Widor mara nyingine ni mkusanyiko wa vipande vizuri vilivyowekwa pamoja. Za Vierne zina uti wa mgongo: sauti fupi inayozaliwa mwanzoni inarudi baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine.

Ziko sita. Ya kwanza ni ya 1899, ya pili ya 1903, ya tatu ya 1911, ya nne ya 1914, ya tano ya 1924, ya sita ya 1930. Zote ziko kwenye ngazi ndogo, ile inayoanzia "la" kwa wanaosoma sol-fa, na zinapanda kwa mpangilio: D, E, F kali, G, A, B. Hata zile zinazomalizika kwa mwanga zimeanza gizani.

Ya kwanza bado ina mazoea ya darasani, lakini mwisho wake, "Final", ni mto uliofurika: mikono inakimbia juu na miguu inaimba wimbo mzito chini. Ya pili ilisifiwa na Claude Debussy, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu. Ya tatu aliiandika majira ya joto ya 1911 akiwa mgeni wa familia ya mwanafunzi wake Marcel Dupré, na Dupré ndiye aliyeipiga hadharani kwa mara ya kwanza. Wengi huiona kuwa bora kuliko zote, nami niko upande wao: haina nota ya ziada. Ya tano na ya sita ni ngumu kumeza mara ya kwanza. Nota zinasuguana, hujui uko ngazi gani, halafu ghafla kipande cha mwisho cha ya sita kinaruka kwa furaha ya ajabu, na karibu na mwisho miguu inapanda na kushuka pedali nzima kwa mbio.

Nianze kusikiliza na ipi?

"Final" ya simfoni ya kwanza, kisha "Clair de lune", yaani mbalamwezi, kutoka vipande vyake vya 1926 na 1927 viitwavyo "Pièces de fantaisie". Cha kwanza kitakuamsha, cha pili kitakutuliza. Ukivipenda, nenda kwenye simfoni ya tatu yote. Usianze na ya sita, utanilaumu.

Kile kipande cha kengele za saa, je, ni kweli alikosea sauti?

Hicho ni "Carillon de Westminster", cha 1927, kutoka vipande hivyohivyo vya "Pièces de fantaisie". Sauti yake kila mtu anaijua hata kama hajawahi kumsikia Vierne: ni mlio wa saa ya bunge la Uingereza, ule uliowekwa pia kwenye saa za ukutani za majumbani na kwenye kengele za milango. Vierne anaianza kwa sauti ndogo, kama kengele zilizo ng'ambo ya mto, anaongeza rejista moja moja, hadi mwisho kanisa lote linatikisika.

Ukilinganisha na saa yenyewe utaona sehemu ya pili ya wimbo haifanani kamili. Kuna kisa kwamba fundi wa vinanda wa Uingereza, Henry Willis, aliyetunukiwa kipande hiki, alimwimbia Vierne sauti ile kwa mdomo, na ama mwimbaji alikosea ama msikilizaji hakushika vizuri. Kisa kizuri, na huenda kina ukweli. Lakini mtu aliyetunga papo kwa papo kila Jumapili hakosi uwezo wa kubadili nota mbili tatu kwa sababu tu zilimkalia vizuri zaidi.

Parokia yetu ina kinanda cha umeme kisicho na pedali. Kuna chochote cha Vierne tunachoweza kupiga?

Kipo, tena kingi, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1913 Vierne aliandika vipande 24, "24 Pièces en style libre", kwa ajili ya kinanda au hamoniamu, kile cha kukanyaga mvukuto. Vimeandikwa kwa mistari miwili tu, mkono wa kulia na wa kushoto; mwenye pedali anaweza kuzitumia, asiye nazo hapungukiwi. Viko kwenye ngazi zote 24, kubwa na ndogo, kimoja kimoja. Na urefu wake aliupima kwa makusudi ulingane na muda wa matoleo. Mpiga kinanda yeyote anayejua tabu ya wimbo kuisha huku mstari wa watu bado umefika katikati ya kanisa atamshukuru.

Anza na "Berceuse", yaani wimbo wa kubembeleza, ambao Vierne alimtunukia binti yake Colette. Umejengwa juu ya wimbo wa kulaza watoto ambao kila Mfaransa aliimbiwa na mama yake. Unafaa sana wakati wa komunyo, na kwa kipindi cha Noeli umefaa mno. "Épitaphe" na "Élégie" zinafaa misa ya wafu. "Carillon" ya humo (si ile ya Westminster, wasikuchanganye) inataka vidole vyenye nguvu.

Ushauri mdogo: kwenye kinanda cha umeme, usichague sauti ya kinanda yenye mtikisiko mkubwa. Chagua ile laini ya filimbi, na ushike nota mpaka mwisho wake. Muziki huu ukipigwa kwa kudonoadonoa unakufa.

Kwaya yetu je? Ile misa yake inaimbika?

"Messe solennelle", ya kwaya ya sauti nne na vinanda viwili, iliimbwa kwa mara ya kwanza Saint-Sulpice mwezi Desemba 1901, Widor akiwa kwenye kinanda kikuu na Vierne kwenye kile cha kwaya. Ina "Kyrie", "Gloria", "Sanctus", "Benedictus" na "Agnus Dei". Haina Nasadiki. Kwa Kilatini.

Kwaya nzuri ya parokia inaiweza. Sauti zenyewe si ngumu kupindukia. Kazi ngumu iko kwa wapiga kinanda, na kuna matoleo yaliyopunguzwa kwa kinanda kimoja. Pahali pa hatari ni "Kyrie": inaanza kwa uzito, besi zikivuta kama watu wanaobeba jeneza, na kwaya isiyojua kusubiri itaiharakisha tu. "Agnus Dei", kwa upande mwingine, inaweza kuimbwa peke yake hata na kwaya inayoanza. Besi wenu watafurahi. Ni nadra mtunzi kuwajali namna hii.

Kwa nini husemwa kwamba maisha yake yalikuwa ya mikosi?

Kwa sababu yalikuwa. Nitayapanga kwa miaka, bila kupamba.

Mwaka 1899 alimwoa Arlette Taskin. Mwaka 1906 alianguka barabarani Paris akavunjika mguu vibaya sana, ikabaki kidogo ukatwe. Kwa mpiga pedali, mguu ni mkono wa tatu, na ilimbidi aanze upya kuufundisha. Mwaka uliofuata akaugua homa ya matumbo. Mwaka 1909 ndoa ikavunjika: mkewe alikuwa na uhusiano na Charles Mutin, mrithi wa karakana ya Cavaillé-Coll, mtu yuleyule ambaye Vierne alimtunukia simfoni yake ya pili. Machi 1911 alimpoteza mama yake na, siku chache tu baadaye, Alexandre Guilmant, profesa ambaye yeye Vierne alikuwa msaidizi wake Conservatoire. Mwaka 1913 mwanawe André akafariki kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 10.

Mwaka 1916 alikwenda Uswisi kutibiwa presha ya macho. Alitarajia kukaa miezi michache; akarudi 1920. Akiwa hukohuko, Novemba 1917, mwanawe mkubwa Jacques, aliyejiunga na jeshi akiwa na miaka 17 tu kwa idhini ya baba yake, akafariki akiwa jeshini. Mei 1918 akauawa vitani mdogo wake René, naye mpiga kinanda na mtunzi.

Kwa Jacques aliandika kwinteti ya piano na nyuzi nne. Hakuna kinanda humo, hakuna kanisa, hakuna mahali pa kujificha. Sina mengi ya kuieleza. Isikilize ukiwa peke yako, usiku, na simu ukiwa umeizima.

Kwa nini hakuwahi kuwa profesa wa Conservatoire?

Alifanya kazi ya msaidizi katika darasa la kinanda kwa miaka 17, kwanza chini ya Widor, kisha chini ya Guilmant, bila mshahara. Guilmant alipofariki, kila mtu alidhani nafasi ni yake. Lakini Widor na mkurugenzi wa chuo, Gabriel Fauré, hawakuwa wakielewana, na Vierne alionekana mtu wa Widor. Akachaguliwa Eugène Gigout. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Akaenda kufundisha Schola Cantorum, shule nyingine ya muziki ya Paris. Na orodha ya waliopita mikononi mwake ni jibu tosha: Nadia Boulanger, Marcel Dupré, Joseph Bonnet, Maurice Duruflé na wengine. Na Dupré walikuja kukosana. Dupré ndiye aliyemshikia nafasi Notre-Dame wakati wa Uswisi, na baadaye katika ziara zake akatangazwa kama vile yeye ndiye mpiga kinanda wa hapo. Urafiki haukupona.

Aliwahi kusafiri nje?

Mwaka 1927 alifanya ziara ndefu ya Marekani, akipokewa kwa vifijo kila mji. Kinanda cha Notre-Dame wakati huo kilikuwa kimechoka, kina vumbi na kinavuja upepo, naye alitafuta fedha za kukikarabati bila kuona haya. Kilizinduliwa upya mwaka 1932, yeye na mwalimu wake Widor wakipiga siku hiyo.

Haya sasa. Ni kweli alifia kwenye kinanda?

Ndiyo. Jioni ya tarehe 2 Juni 1937 alikuwa akitoa tamasha Notre-Dame, ambalo husimuliwa kuwa la 1,750 katika maisha yake hapo. Kanisa lilijaa. Pembeni yake alikuwa Duruflé, mwanafunzi na msaidizi wake. Alipiga kazi yake "Triptyque", ambayo sehemu ya mwisho ni jiwe la kumbukumbu la mtoto aliyefariki. Kisha ikaja zamu ya kutunga papo kwa papo. Akapewa wimbo kwa nukta nundu, akaupapasa kwa vidole, akachagua rejista zake. Halafu akainama, mguu wake ukaangukia pedali ya E ya chini, na sauti ile moja ikajaa kanisani. Wasikilizaji walidhani ndiyo anaanza.

Mara nyingi alikuwa amesema angetamani kufa akiwa kwenye kinanda chake. Amezikwa makaburi ya Montparnasse. Widor alikuwa ametangulia mwezi Machi mwaka huohuo, akiwa na miaka 93.

Wengi hudhani Duruflé ndiye aliyerithi. Vierne alimtaka yeye. Lakini kanisa lilimpa nafasi Léonce de Saint-Martin, bila ushindani wowote.

Kinanda hicho kiliungua kwenye moto wa 2019?

Hapana. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa na mnara mwembamba wa katikati, lakini kinanda kikuu kilinusurika. Kilichokipata ni vumbi la risasi kutoka kwenye paa lililoyeyuka. Mabomba yalishushwa, yakasafishwa, yakarudishwa, na kazi ya kuyapatanisha sauti ikafanywa usiku, kanisa likiwa kimya. Desemba 2024 Notre-Dame ilipofunguliwa tena, askofu mkuu wa Paris alikiamsha kinanda kwa maneno ya ibada, na wapigaji wa sasa, akiwemo Olivier Latry, wakamjibu kwa zamu kwa kutunga papo kwa papo. Yaani kazi ileile ya Vierne, mahali palepale.

Kuna rekodi zake mwenyewe?

Chache. Mwaka 1928 alirekodiwa Notre-Dame kwenye santuri, zikiwemo tungo tatu za papo kwa papo. Miaka mingi baadaye Duruflé alikaa na santuri hizo, akasikiliza, akaandika nota moja baada ya nyingine, na mwaka 1954 zikachapishwa, ndiyo maana leo watu wanaweza kuzipiga. Rekodi zenyewe zinakwaruza kama mvua juu ya bati. Vumilia nusu dakika, sikio litazoea.

Nota zake zinapatikana bure?

Ndiyo, nyingi. Amefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, kwa hiyo katika nchi nyingi kazi zake hazina tena hakimiliki, na matoleo ya zamani yamewekwa kwenye intaneti, kwenye maktaba ya nota ya IMSLP. Tafuta "24 Pièces en style libre", kitabu cha pili, ambamo "Berceuse" ni namba 19. Ichapishe kwa herufi kubwa.